Kemokini, Mlango wa Pili wa VVU na Uongo wa Kundi O

Ukifungua katalogi ya kampuni zinazouzia maabara kemikali, utakuta kurasa nyingi za protini. Zote zimeandikwa kwa mtindo uleule: jina, uzito, kiumbe ambamo imetengenezwa, usafi wake asilimia ngapi, na chini kabisa sentensi ambayo haikosekani: kwa utafiti wa maabara tu, si kwa matumizi ya binadamu. Protini yenyewe huja ndani ya kichupa cha plastiki, imegandishwa na kukaushwa mpaka ikabaki unga. Na huo unga mara nyingi huuoni kwa macho, maana kilichomo ni mikrogramu 10. Chukua gramu moja, igawe vipande laki moja, beba kipande kimoja. Bei yake inaweza kupita dola 100. Kwa hesabu za kwetu chuoni, ambako hela ya kula kutoka Bodi ni shilingi 10,000 kwa siku, kichupa kimoja kinameza chakula cha karibu mwezi mzima, na ukikifungua unaweza kuapa umeuziwa hewa.

Nataka kueleza kuhusu aina moja ya protini hizo, inayoitwa kemokini. Wenzangu wa Historia na Kiswahili msikimbie, hakuna mtihani. Sababu yangu ni kwamba vichupa vya namna hiyo ndivyo vilivyosaidia kufichua jinsi VVU vinavyoingia kwenye seli, na sisi tunaosoma Iringa tunaishi katikati ya jambo hilo. Utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 ulikuta maambukizi kwa watu wa miaka 15 na kuendelea ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Kwa maneno mengine, ukiwa kwenye daladala ya Kihesa imejaa, hesabu hiyo haiko mbali na wewe.

Tuanze na mwiba. Ukichomwa na mwiba mguuni, ndani ya saa chache pale mahali panavimba, panakuwa pa moto, na ukiuacha siku mbili tatu panatunga usaha. Usaha ule kwa sehemu kubwa ni seli nyeupe za damu zilizokuja kupigana zikafia hapohapo. Swali ambalo nilipokuwa sekondari hakuna aliyeniuliza ni hili: seli hizo zilijuaje kwamba vita iko kwenye kidole cha mguu wa kushoto na si kwenye sikio? Hazina macho. Zinasafiri tu na damu, zinazunguka mwili mzima.

Jibu ni kemokini. Seli za mahali palipoumia humwaga protini ndogondogo, zenye asidi amino kama 70 hivi, ambazo ni ndogo sana ukilinganisha na protini nyingi za mwili. Protini hizo husambaa: karibu na jeraha zinakuwa nyingi, ukienda mbali zinapungua. Seli nyeupe inayopita kwenye mshipa wa jirani inanusa, samahani kwa neno hilo lakini sina zuri zaidi, kisha inajibana, inapenya ukuta wa mshipa na kutambaa kuelekea upande ambako harufu ni kali. Ni kama wewe unavyoshuka kwenye bajaji saa moja jioni na njaa yako, hujaona kibanda cha chipsi, lakini miguu inajua pa kwenda.

Kunusa kwenyewe hufanyika kwa vipokezi. Hivi ni protini nyingine, ndefu, zinazopita kwenye ngozi ya seli mara saba, kutoka nje kwenda ndani na kurudi, kama uzi wa kushonea gunia. Sehemu iliyobaki nje ndiyo inayoshika kemokini, na ikishika, upande wa ndani unatoa amri: tembea. Binadamu ana kemokini karibu 50 na vipokezi kama 20. Hesabu haiendi moja kwa moja, kwa hiyo kemokini moja inaweza kushika vipokezi kadhaa, na kipokezi kimoja kikapokea kemokini kadhaa. Majina yao zamani yalikuwa vurugu tupu, kila maabara ilibatiza ya kwake, mpaka mwaka 2000 ulipokubaliwa utaratibu mmoja. Ndiyo maana ile ninayoizungumzia zaidi hapa ina majina mawili: RANTES, la zamani, na CCL5, la utaratibu mpya. Nitatumia RANTES kwa sababu linatamkika.

Sasa, kama kemokini zimo mwilini mwetu, kwa nini zinauzwa? Kwa sababu mwilini ni kidogo mno na zimechanganyika na kila kitu. Ukitaka kujua RANTES peke yake inafanya nini, unahitaji RANTES peke yake. Kuikamua kutoka kwenye damu ya watu ungehitaji damu ya kijiji kizima na bado usiwe na uhakika umebaki na nini. Hivyo inatengenezwa upya kwa njia inayoitwa rekombinanti. Inachukuliwa jeni ya binadamu inayobeba maelekezo ya protini hiyo, inapachikwa kwenye kipande cha DNA cha mviringo kiitwacho plazmidi, kisha plazmidi inaingizwa ndani ya bakteria, mara nyingi E. coli. Bakteria haulizi maelekezo yametoka wapi. Anayasoma na kutengeneza protini ya binadamu, anagawanyika, na watoto wake nao wanatengeneza. Usiku mmoja kwenye pipa la maabara una mabilioni ya vibarua wasiolipwa.

Kama hili linasikika kama mambo ya mbali, si ya mbali. Insulini wanayojichoma wagonjwa wa kisukari ilianza kuruhusiwa kutengenezwa kwa njia hii mwaka 1982. Na chanjo ya homa ya ini aina ya B wanayopewa watoto wachanga nchini, ambayo imo ndani ya ile sindano moja ya magonjwa matano, hutokana na protini iliyotengenezwa ndani ya hamira. Kwa hiyo wengi wetu tulipokutana na protini rekombinanti mara ya kwanza tulikuwa tunalia mapajani mwa mama kliniki.

Kazi ngumu inakuja baada ya bakteria kumaliza yake. Protini ya kigeni ikizidi ndani ya bakteria, mara nyingi inajikunja ovyo na kurundikana kama donge la ugali lisiloiva. Lazima donge liyeyushwe, protini ikunjuliwe yote, halafu ielekezwe kujikunja tena kwa umbo sahihi, la sivyo haitashika kipokezi chochote. Kisha inasafishwa. Hapa kuna jambo ambalo wanaonunua vichupa hivi huliangalia kwanza: masalia ya ukuta wa E. coli. Ukuta huo una sumu ambayo seli zetu za kinga zinaichukia kupita kiasi, na kiasi kidogo tu kinatosha kuziamsha. Ikibaki kwenye kichupa, utamwagia seli zako RANTES, utaziona zimechachamaa, utaandika kwamba RANTES ndiyo iliyozichachamaza, kumbe ni uchafu wa bakteria. Nusu ya bei ya kile kichupa, kwa maoni yangu, ni bei ya kuaminiwa kwamba kilichoandikwa ndicho kilichomo na hakuna kingine.

Kuna kisa kimoja kinachonifurahisha kila nikikisimulia. Bakteria anapoanza kutengeneza protini yoyote, kipande cha kwanza anachoweka ni asidi amino iitwayo methionini. Kawaida huondolewa baadaye. Mwaka 1996, Amanda Proudfoot na wenzake kule Geneva walikuwa na RANTES iliyotengenezwa ndani ya E. coli ambayo methionini ile ilibaki mbele yake. Asidi amino moja tu imezidi, badala ya 68 zikawa 69. Protini hiyo ilikuwa bado inakwenda kwenye kipokezi na kukishika vizuri kabisa, lakini amri ya kutembea haikutoka. Ikawa ni ufunguo unaoingia kwenye kitasa, haufungui, na wakati huohuo unazuia ufunguo mwingine usiingie. Ilipewa jina la Met-RANTES na ikawa chombo cha utafiti yenyewe. Shikilia hiyo picha ya ufunguo uliokwama, tutaihitaji.

Kipimo maarufu cha kemokini kilibuniwa na Stephen Boyden mwaka 1962. Ni rahisi mpaka unajiuliza kwa nini hukukibuni wewe: vyumba viwili, cha juu na cha chini, katikati utando wenye matundu madogo ambayo seli haiwezi kuanguka bali lazima ijikamue kupita. Juu weka seli nyeupe, chini weka kemokini, subiri saa chache, hesabu zilizoshuka. Ukiongeza kemokini, zinazoshuka zinaongezeka. Lakini ukizidi kuongeza, zinaanza kupungua tena. Harufu ikiwa kali kila mahali hakuna tena upande wa kuelekea, na vipokezi vikizidiwa seli huvivuta ndani. Wanafunzi wa Form Four wakichora grafu hiyo inakuwa mlima, na wengi hudhani wamekosea kwa sababu wamezoea mstari unaopanda tu.

Nilikuwa nafundisha mfumo wa kinga wakati wa mazoezi ya ualimu, shule moja ya kata katika mkoa huu, Form Three, kipindi cha mwisho kabla ya chakula, baridi ya Julai imewafanya wote wajikunyate ndani ya masweta. Nimemaliza kueleza seli za CD4, kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. Akasema, "Madam, kule kwetu kuna baba ana duka. Mke wake anatumia dawa miaka mingi, yeye kila akipima hana. Wanasema ni kwa sababu ni kundi O, kundi O haliambukizwi. Na mimi ni kundi O." Akanyamaza kidogo, halafu akamalizia, "Kwa hiyo?"

Darasa halikucheka, na hilo ndilo lililonishtua. Walikuwa wanasubiri jibu. Nikamwambia palepale kwamba kundi O halimkingi mtu yeyote, na kwamba kipindi kinachofuata nitawaonyesha kwa nini, kwa sababu kijana wa miaka 17 akiambiwa "si kweli" bila sababu anarudi kwa waliomwambia kwanza. Na msidhani ni wa Form Three tu. Hoja hiyohiyo nimeisikia hosteli, imetolewa na mtu wa mwaka wa tatu, kwa kujiamini kabisa, akiwa anavaa viatu kwenda mjini Ijumaa jioni.

Makundi ya damu A, B, AB na O yanatofautishwa na sukari zilizobandikwa juu ya chembe nyekundu. VVU havina shida na chembe nyekundu. Chembe nyekundu haina kiini, haina mtambo wa kunakili virusi, na haina CD4 ambayo VVU hushika. Vinatafuta seli nyeupe zenye CD4. Kwa hiyo kuuliza kundi lako la damu ili kujua kama utaambukizwa ni kama mwizi kuangalia rangi ya bati lako wakati anaingilia mlangoni.

Lakini mlango wenyewe ulikuwa na siri. CD4 ilijulikana tangu miaka ya 1980, na bado kulikuwa na kitu hakikai sawa: ukichukua seli ya panya ukaipachika CD4 ya binadamu, virusi vinashika lakini haviingii. Kuna kitasa cha pili, na hakuna aliyekijua. Upande mwingine, mwaka 1986 kikundi cha Jay Levy kule San Francisco kilionyesha kwamba baadhi ya seli nyeupe za watu wenye VVU, zile zenye alama ya CD8, zinamwaga kitu kinachozuia virusi kuzaliana bila kuua seli. Kitu gani? Watu walitafuta miaka karibu kumi.

Desemba 1995, Fiorenza Cocchi, Paolo Lusso, Robert Gallo na wenzao walitangaza kwamba katika majimaji ya seli hizo za CD8 wamekuta kemokini tatu zinazozuia VVU: RANTES na ndugu zake wawili, MIP-1 alfa na MIP-1 beta. Na hapa ndipo kichupa chetu kinapoingia. Kukuta kitu mahali pa tukio si ushahidi kwamba ndicho kilichotenda. Walifanya mambo mawili. Waliweka kingamwili za kuzikamata zote tatu, na uwezo wa kuzuia virusi ukaondoka. Kisha wakachukua kemokini hizo rekombinanti, safi, ambazo hazijawahi kuwa karibu na seli ya CD8, wakaziweka kwenye seli zenye virusi, na virusi vikazuiwa, zaidi kadiri kipimo kilivyopanda. Bila protini safi kutoka kwenye kichupa, hoja ingebaki nusu.

Sasa unganisha. Kama kemokini, ambazo kazi yake ni kushika vipokezi, zinazuia virusi, basi labda virusi vinatumia vipokezi hivyohivyo kuingilia. Mwaka 1996 mambo yalikwenda mbio. Mwezi Mei kikundi cha Edward Berger kilipata kitasa cha pili cha aina moja ya VVU, ambacho kikatambuliwa kuwa kipokezi cha kemokini, leo tunakiita CXCR4. Mwezi Juni vikundi kadhaa kwa mpigo vikatangaza kingine, CCR5, ambacho ndicho kipokezi cha RANTES na ndugu zake. Virusi vinavyomwambukiza mtu kwa mara ya kwanza kwa kawaida hutumia CCR5. RANTES ikikaa pale, kitasa kimejaa. Ndiyo ile picha ya ufunguo.

Kabla mwaka haujaisha ikagunduliwa kwamba kuna watu waliozaliwa na jeni ya CCR5 iliyokatika, zimepungua herufi 32 za DNA. Aliyerithi nakala iliyokatika kutoka kwa baba na kwa mama, CCR5 yake haifiki kabisa kwenye uso wa seli, na VVU vya kawaida vinakosa pa kushika. Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyekuwa akiishi Berlin, alipandikizwa mwaka 2007 uboho wa mtu wa namna hiyo kutibu saratani ya damu, na VVU vyake havikurudi. Alifariki mwaka 2020, saratani ile ikiwa imerudi.

Kwa hiyo kuna ukweli ndani ya uvumi: wapo watu ambao ni vigumu sana kuambukizwa. Mtu wa hosteli akisikia hapo anaacha kusikiliza, na mimi namwomba abaki. Jeni hiyo iliyokatika ipo kwa watu wa asili ya Ulaya, hasa kaskazini. Kama mmoja kati ya kumi ana nakala moja, na kama mmoja kati ya mia ana zote mbili. Kwa Waafrika wasio na asili ya Ulaya ni kama haipo. Haihusiani na kundi O. Mhehe, Mbena, Mkinga, Msafwa, wewe na mimi, CCR5 zetu ziko wima mlangoni.

Na tuna kisa cha karibu zaidi kuliko Berlin. Tangu katikati ya miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na cha Manitoba, akiwemo Frank Plummer, walifuatilia wanawake waliokuwa wakifanya biashara ya ngono eneo la Pumwani, Nairobi. Wengi waliambukizwa. Kikundi kidogo, pamoja na kukutana na virusi mara nyingi kwa miaka, walipima na kukutwa hawana. Dunia nzima ya sayansi iliwageukia. CCR5 zao zilichunguzwa, zikakutwa nzima, hazina kasoro. Kinga yao ilionekana kutoka kwingine, hasa kwenye namna seli zao za kinga zilivyozoea kukitambua kirusi. Halafu ikatokea jambo ambalo natamani kila anayejiita "damu ngumu" alisikie: baadhi ya wanawake hao waliohesabiwa kuwa sugu waliambukizwa baadaye, na hatari ilionekana zaidi kwa waliokuwa wamepunguza au kupumzika kazi hiyo kwa muda kisha wakarudi. Kinga iliyowasimamia miaka haikuwa mali ya kudumu.

Basi yule baba mwenye duka? Simjui na sitamtabiria. Ila maelezo ya kawaida yapo na hayahitaji miujiza. Mke wake anatumia dawa miaka mingi. Anayetumia ARV vizuri mpaka kipimo hakioni virusi kwenye damu yake hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana, jambo ambalo limethibitishwa kwa kufuatilia maelfu ya wenzi ambao mmoja anavyo na mwingine hana. Kinachomlinda baba yule inawezekana kabisa ni kidonge anachomeza mama kila usiku. Niliposema hivyo darasani, yule kijana wa nyuma aliniangalia muda kidogo, akaandika. Wasichana wawili wa mbele wakauliza kwa nini basi sifa yote apewe baba. Nikawaambia hilo si swali la Biolojia, lakini ni zuri.

Lilikuja na swali lingine, la kibiashara: kama RANTES inaziba mlango, kwa nini tusichomwe RANTES? Hapo ndipo ile sentensi ya chini ya katalogi inapopata maana. Kumbuka RANTES inaita seli za kinga. Mwage mwilini mwa mtu na unaita askari mahali pasipo vita, uvimbe usio na sababu. Ukiimeza, tumbo linaisaga kama protini yoyote ya maharage. Ukiichoma, mwili unaikatakata upesi. Walichofanya watengenezaji dawa ni kuchukua wazo, si protini: wakatafuta kemikali ndogo inayokwama kwenye CCR5 bila kutoa amri. Moja, maraviroc, iliruhusiwa Marekani mwaka 2007. Si dawa ya kuanzia kwenye vituo vyetu, na haihitajiki iwe, maana mchanganyiko tunaotumia, wenye dolutegravir, unafanya kazi vizuri kwa kuvibana virusi sehemu nyingine. Lakini mtu akikutolea chupa mtandaoni au stendi akakwambia ina "protini ya kufunga CCR5", sasa unajua cha kumuuliza.

Nikiri kwamba sipendi sana somo hili kuishia na Wazungu waliobahatika jeni, kana kwamba sisi hatukupewa kitu. Tulipewa, tena kwenye familia hiihii ya kemokini. Juu ya chembe nyekundu za watu wengi duniani kuna kipokezi kiitwacho Duffy. Mwaka 1976 Louis Miller na wenzake walionyesha kwamba wasio nacho hawashikwi kirahisi na malaria ya aina ya vivax, kwa sababu kimelea hicho kinakitumia kuingilia. Mwaka 1993 ikagundulika Duffy ni kitu gani hasa: ni kishikaji cha kemokini, kinazinyonya kutoka kwenye damu kama sifongo. Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara hatuna Duffy kwenye chembe nyekundu, na hiyo ni sababu kubwa ya vivax kuwa adimu kwetu. Tazama inavyofanana: kipokezi cha kemokini, kimelea kinachokigeuza mlango, watu waliozaliwa bila mlango. Na tazama pia kinachofuata. Malaria inayoua hapa ni falsiparum, ambayo haihitaji Duffy, na Madagaska na Ethiopia wameshakuta vivax ndani ya watu wasio na Duffy. Mwanafunzi akiuliza kuhusu CCR5, mimi humpeleka huku kwanza.

Utafiti wenyewe hauko mbali nasi. Ukipanda basi asubuhi kwenda Mbeya unafika mchana, na pale NIMR ina kituo ambacho kwa miaka mingi kimeshiriki majaribio ya chanjo za VVU, kikichota damu ya waliojitolea na kupima jinsi seli zao za kinga zinavyojibu. La karibuni kubwa ni PrEPVacc, lililofanyika Mbeya, Dar es Salaam, Masaka kule Uganda na Durban, kwa watu zaidi ya 1,500 wenye umri wa kuanzia miaka 18 hadi 40. Novemba 2023 uchomaji wa chanjo ulisimamishwa baada ya kamati huru kuona hakuna dalili kwamba chanjo zingeweza kuzuia maambukizi. Niliwahi kumsikia mtu akisema kwa dharau kwamba wamepoteza hela na damu za watu. Mimi naona waliojitolea walitoa kile ambacho uvumi wa kundi O haujawahi kutoa, yaani nafasi ya kuambiwa hapana. Wengi wao ni watu wa rika letu, na baadhi wanapita barabara hiihii ya Iringa kwenda makwao.